Upande wa Kombo

Katika nchi ya Fumbata, mtu akivunjika mguu hutafutiwa mtu wa kuunga mifupa, lakini akiugua akili hutafutiwa upande. Niliambiwa hivyo siku niliyofika na sanduku langu la miwani, na karani wa mpakani aliyeniambia hakuona ajabu yoyote. Alinieleza taratibu, kama mwenyeji anayemwonyesha mgeni mahali pa kuoga. Kila mwili, alisema, umejengwa kwa maandishi marefu. Nusu yametoka kwa mama, nusu kwa baba. Ugonjwa wa akili ni kosa katika maandishi hayo, na kosa halijileti lenyewe. Basi lazima ijulikane limeletwa na upande gani.

"Na likishajulikana?" nikamwuliza.

"Ndoa huvunjwa. Upande wenye kosa humchukua mgonjwa wake, ukaenda kukaa Ng'ambo ya Mto. Upande safi hubaki nyumbani."

"Na huko Ng'ambo mgonjwa hutibiwa?"

Alinitazama kwa huruma kidogo. "Bwana, mimi ni karani wa mpaka tu."

Nilikaa Fumbata karibu mwaka mzima, kwa sababu ni nchi ya watu wanaosoma sana na macho yao yamechoka. Wateja wangu wakubwa walikuwa nyumba tatu za elimu, kila moja juu ya kilima chake. Wazee wa Nyumba ya Koo walifuatilia familia, nani aliugua, na nani kabla yake. Wasomaji wa Nyumba ya Maandishi walisoma damu za watu wengi, wagonjwa na wazima, wakizilinganisha herufi kwa herufi. Na Nyumba ya Ubongo ilipokea vichwa vya marehemu waliotoa idhini, ikatazama ni sehemu zipi za maandishi zinazosomwa mle ndani, na zipi zimenyamaza.

Ingekuwa katika nchi nyingine, ningesema nyumba hizo zilikuwa na kazi moja. Huko Fumbata hazikuamkiana. Sheria ilikataza ushahidi wa nyumba mbili kuwekwa chumba kimoja, usije ukaambukizana. Kila mwaka nyumba moja ilipewa zamu, na ilichosema ndicho kilichokuwa kweli mwaka huo. Watu wenye kesi walizingoja zamu kama mkulima anavyongoja mvua. Nilimjua bwana mmoja aliyeahirisha kesi yake kila mwaka kwa kisingizio cha jino, akingoja zamu ya nyumba iliyokuwa na rafiki yake.

Jambo jingine la kuelezwa ni upau. Juu ya kila mlango wa nyumba hizo palikuwa na upau wa chuma. Watu wa nyumba yoyote wakipata dalili kwamba mahali fulani katika maandishi pana uhusiano na ugonjwa, walikata kijiti kirefu au kifupi kulingana na nguvu ya dalili ile, wakakipaka rangi ambazo sheria ilipangia mahali pale kwa nyumba zote. Kijiti kilichogusa upau kiliingia ndani kwa heshima. Kisichofika kilitupwa uani. Sababu yake haikuwa mbaya. Zamani, walisema, kila uvumi ulikuwa ushahidi, na watu wengi waliumia. Upau uliwafundisha kunyamaza mpaka wawe na hakika. Lakini nyua zilijaa vijiti, na majirani wakawa wanavizoa kwa kuni.

Mimi nilipanga chumba kwa Makame na mkewe Sikudhani, bondeni, katikati ya vilima vile vitatu. Makame alikuwa mshona viatu. Sikudhani alipika vitafunwa vya kuuza. Walikuwa na mtoto mmoja, Kombo, kijana aliyekuwa fundi lipu hodari hadi siku aliposimama katikati ya kazi, akaweka sikio ukutani, akasema kuna watu humo wanamjadili. Mwenye nyumba alicheka. Kombo naye alicheka. Baada ya muda sauti zile zilimfuata nje ya ukuta, zikamkataza kula, zikamwambia maji ya mtungini yamesemewa maneno. Nilipohamia kwao alikuwa akikaa kibarazani siku nzima, mikono yake imelala mapajani. Kulikuwa na siku nzuri. Siku hizo aliniuliza bei ya kila miwani na akaniambia nauza ghali.

Majirani waliripoti, kama sheria ilivyowataka, na wazazi wake wakaitwa mbele ya Mwamuzi Faki, mtu mnene, mwenye subira, ambaye kazi yake yote ilikuwa kesi za pande. Nilikwenda kusikiliza. Baraza lilijaa, kwa sababu kesi hizi huwa na matusi mengi. Mume humtaja shangazi wa mke aliyekula udongo, na mke humtaja babu wa mume aliyehutubia mbuzi, watu wakafurahi.

Makame alisimama wa kwanza. "Mheshimiwa, ni upande wangu. Ami yangu alitoka nyumbani akatembea mpaka akasahau jina lake."

Sikudhani alikuwa keshasimama. "Mheshimiwa, usimsikilize. Mama yangu mzazi alijifungia chumbani mvua zikaja zikapita, asiseme na mtu. Kombo amemchukua bibi yake. Ni upande wangu mimi."

"Mama Kombo, kaa chini."

"Kaa wewe, Baba Kombo!"

Karani aliinua kalamu, hakujua aandike nini. Mwamuzi Faki aliwatazama wote wawili.

"Nimeona watu wakisukumana shimoni," akasema. "Sijaona watu wakigombea kuingia."

Aliahirisha kesi, akaiagiza Nyumba ya Koo, iliyokuwa na zamu, itoe jibu.

Jioni ile nilimwuliza Makame kama alikuwa akisema uongo ili mkewe asalimike. Alikuwa akivuta uzi kwenye soli, hakuinua macho.

"Ng'ambo ya Mto hakuna nyumba, kuna mabanda," akasema. "Mama Kombo ana kifua kibaya. Hatamaliza masika moja kule. Ndiyo maana nilisema." Alikata uzi kwa meno. "Lakini sijui kama ni uongo, mgeni. Nikimwona mtoto ameinamisha kichwa vile, namwona ami yangu. Hilo ndilo linaloniua."

Sikudhani aliniambia habari yake siku nyingine, akikuna nazi. Kombo alizoea kumwona yeye asubuhi, kabla ya mtu mwingine. Asipomwona angeogopa. Basi angekwenda naye, yaishe. Kisha machozi yakamtoka, naye akaendelea kukuna. "Mama yangu nilimcheka alipojifungia," akasema. "Nilikuwa msichana. Nilidhani ni kiburi."

Aliyebaki bila kuulizwa ni Kombo. Aliyasikia yote kutoka kibarazani. "Mnanigawa kama nyama ya sherehe," akawaambia siku moja, kwa sauti ya kawaida kabisa. Halafu mama yake akamletea uji, naye akaukataa.

Mzee Bwanaheri wa Nyumba ya Koo alikuja kufanya uchunguzi. Alikuwa mteja wangu, mtu wa haki kadiri alivyoielewa. Aliuliza habari za ami, akauliza za bibi, akaenda mbali zaidi, akakuta kila upande una watu wake wawili watatu waliopotea njia, kama ilivyo katika koo nyingi. Mizani haikuelemea popote. Lakini sheria ilitaka jibu. Mwishowe alikohoa, akasema bibi yuko karibu zaidi kwa damu kuliko ami wa baba, kwa hiyo atataja upande wa mama.

"Una hakika, Mzee wangu?" Makame akamwuliza.

"Mwanangu, nina zamu."

Hukumu ilipangwa wiki iliyofuata. Sikudhani hakulia. Alifagia uwanja, akatandika mkeka mkubwa, akatuma habari mtaa mzima kwamba anaweka matanga.

"Amekufa nani?" watu waliuliza.

"Ndoa yangu. Wiki ijayo inazikwa. Kilichokufa hukaliwa matanga, au mila imebadilika?"

Mila haikuwa imebadilika. Na katika Fumbata, mkeka wa matanga ndio mahali pekee ambapo jirani hawezi kukataa kukaa na jirani, awe nani na nani. Sikudhani hakuwa na hila yoyote. Aliniambia alitaka tu Baba Kombo azungukwe na watu siku za mwanzo, asibaki peke yake na viatu vyake. Lakini wakuu wa nyumba zote tatu walikuwa majirani. Adhuhuri wakateremka: Mzee Bwanaheri wa Koo, Mwinyi Shaame wa Maandishi, mtu mrefu aliyepata cheo kwa kugundua kijiti kirefu kuliko vyote nchini, na Bi Mwanatime wa Ubongo, mama mwenye maneno machache. Hata Mwamuzi Faki alifika, kwa kuwa alikaa mtaa wa pili. Wakuu watatu wakakaa mkeka mmoja, kila mmoja amempa mwenzake mgongo.

Wali ulichelewa. Bi Mwanatime, aliyekuwa karibu na mafiga, aliokota kijiti kutoka rundo la kuni ili akisukume motoni. Akasita. Akavaa miwani niliyomwuzia.

"Hiki ni chetu," akasema. "Nilikitupa mwenyewe. Pete nyekundu, nyeusi, nyekundu."

"Haiwezekani," Mwinyi Shaame akasema bila kugeuka. "Rangi hizo ni za kijiti tulichokitupa sisi. Kilikosa upau kwa upana wa kidole."

"Basi geuka utazame."

Aligeuka. Kijiti hakikuwa chake. Lakini alipotia mkono rundoni akatoa kingine, na hicho kilikuwa chake, kina rangi zile zile. Majirani walikuwa wamezoa kuni nyua zote tatu, kama kawaida yao.

Mzee Bwanaheri alisogea polepole. "Hapo hata sisi tulipaona," akasema. "Katika familia chache mno. Familia chache si kitu, tukakitupa. Nadhani ni kile pale, chini ya sufuria."

"Jamani, wali!" mpishi akapiga kelele, lakini Bwanaheri alikuwa keshakichomoa, kinafuka moshi.

Wakaviweka vitatu kimoja mwisho wa kingine. Havikuhitaji kupimwa, kwani kila mtu aliona vingepita upau wowote. Ndipo watu wazima watatu wenye vyeo walipopiga magoti kwenye majivu na kuanza kupekua kuni. Wageni wa matanga waliwatazama kwa heshima, wakidhani ni namna yao ya kuomboleza. Vijiti vingi havikupata ndugu, vikarudishwa motoni. Vichache, vifupi, ambavyo kila nyumba ilivitupa bila kuambizana, vilikutana tena na tena. Mtu mmoja alitaja kile kijiti kirefu cha Mwinyi Shaame, kilichokuwa kimetundikwa ukumbini kwake na vibendera. Bwanaheri alisema mahali pale hawajawahi kupakuta katika ukoo wowote. Bi Mwanatime alisema ubongoni mahali pale pamekufa kimya. Mwinyi Shaame alikaa chini kwenye majivu.

"Hivi vilivyokutana," Bi Mwanatime akasema, sasa kwa wote, "nakumbuka vinasomwa lini. Mtoto huzaliwa na ubongo wenye viungio vingi kupita kiasi, chembe hii imeshikana na ile na ile, kama mkorosho uliojaa matawi. Ujanani hupogolewa. Hivi vyote vina kazi katika kupogoa. Kwa watu wengine, nadhani, mkono unaopogoa haujui pa kuachia."

"Ndiyo maana ilianza akiwa kijana?" Makame akauliza.

"Huenda ndiyo maana. Si hiyo peke yake."

Sikudhani, aliyekuwa ameanza kupakua wali, alikuwa amesimama na mwiko mkononi. "Na vimetoka upande gani?"

Mwinyi Shaame ndiye aliyekuwa amesoma damu za familia ile, kwa agizo la baraza linalohusu kila familia yenye mgonjwa, ingawa mwaka ule hakuwa na ruhusa ya kuulizwa. Alichukua kijiti kimoja kimoja. "Hapa, kwa mama," akasema. "Hapa, kwa baba. Hapa, kwa baba. Hapa, kwa wote wawili. Hapa..." Akakizungusha kidole kwa kidole. "Hapa hata mimi."

"Wewe?"

"Kila anayeingia nyumba yetu hutoa damu yake, ilinganishwe na za wagonjwa. Sisi ndio wazima. Hiki ninacho. Na hiki. Mzee Bwanaheri ana hiki. Mheshimiwa Faki, na wewe ulitoa damu ulipokuwa kijana, kama unakumbuka."

Mwamuzi alirudisha tonge lake sahanini.

"Kwa hiyo wagonjwa ni sisi sote?" akauliza.

"La, Mheshimiwa. Kila mmoja wetu amebebeshwa kidogo. Huyu amebebeshwa kingi, pande zote, na maisha yakamwongezea juu yake. Sisi tunafika nyumbani. Yeye ameanguka njiani."

Sikudhani alimtazama mumewe, Makame akamtazama mkewe. Nimewahi kuona watu wakisomewa msamaha, wakaruka, wakapiga vigelegele. Hawa hawakufanya lolote. Makame alishika ncha ya mkeka akaanza kuikunja na kuikunjua. Baadaye sana akasema, kama anayejisemea, "Ami yangu peke yake, basi, asingeweza." Mkewe akaitikia, "Wala mama." Na hapo ndipo walipolia, wote wawili, bila haya mbele za watu, na matanga yakawa matanga kweli.

Kombo alikuwa amekuja ukingoni mwa mkeka. "Sasa mmejua," akamwambia Bi Mwanatime. "Mtaninyamazishia hizi sauti?"

Nadhani wakuu wawili wale wanaume wangependa kumjibu vizuri. Bi Mwanatime alivua miwani.

"Hapana, mwanangu. Nikikuambia ndiyo, nitakudanganya. Jana tulikuwa tunatafuta nchi nzima. Leo tunajua mtaa. Mlango bado hatujauona."

Kombo alifikiri. Midomo yake ilicheza, kama ilivyofanya alipokuwa akisikiliza wale wengine. "Basi nisipelekwe mbali," akasema. "Mkiufikia mlango, mnikute nipo."

Mjadala barazani ulikuwa mrefu na sitauandika wote. Mshauri mmoja alisema ushahidi uliopatikana jikoni ni chakula. Mwingine alisema vijiti vifupi vikishaanza kusaidiana, kesho hata vifupi vya uongo vitasaidiana, na hakuwa amekosea kabisa. Bwanaheri mwenyewe alimkubalia, akasema ndiyo maana vinapaswa kutoka nyumba zisizosikizana, kila moja ikiwa imefanya kazi yake peke yake. Wa tatu aliuliza ni nani atakayekuwa na zamu. Mwamuzi Faki aliwaacha waseme mpaka wakachoka. Kisha akasoma sheria kwa sauti: upande wenye kosa utatengwa na upande safi. Akasema amekubali pande zote mbili zina kosa. Akasema ameutafuta upande safi wa kuutenga nao, katika nyumba ile, katika mtaa ule, na katika baraza lile, akaukosa. Kwa hiyo hakuna wa kutengwa. Kesi imefungwa.

Sitasema kuwa mambo yote yalikwenda vizuri. Kwa hukumu hiyo watu walianza kurudi kutoka Ng'ambo ya Mto, na si kila mlango ulifunguliwa. Niliona mzee amesimama nje ya nyumba yake ya zamani, na aliyekuwa mkewe, aliyeishi miaka mingi kama upande safi na kuolewa tena kwa sifa hiyo, akimwangalia dirishani bila kumkaribisha. Watu kadhaa walichoma moto hati za baraza zilizowatangaza kuwa upande safi. Wengine walizificha, endapo sheria ingerudi.

Baraza nalo lilichukua hatua. Lilianzisha Nyumba ya Nne, Nyumba ya Kuunganisha, juu ya kilima kilichobaki, yenye lango, wimbo na upau wake. Ili kulinda heshima yake, watu wake walikatazwa kuzungumza na nyumba nyingine tatu. Kuzoa kuni katika nyua za elimu kukapigwa marufuku. Mpiga mbiu alipita mtaani kwetu kutangaza hayo asubuhi niliyokuwa nafunga sanduku langu kuondoka. Nilikuwa kibarazani na wenyeji wangu. Kombo alikuwa ameshinda siku kadhaa bila kula vizuri, na alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba.

"Nyumba ya Kuunganisha haitasema na nyumba yoyote!" mpiga mbiu akarudia.

Kombo alifumbua macho. "Sasa itaunganisha nini?" akauliza.

Mpiga mbiu akaitazama karatasi yake, akaigeuza nyuma. Kombo akacheka. Kicheko kilianza kidogo, kikapanda, kikamtikisa mabega, kikamtoa machozi. Mwaka mzima sikuwahi kumsikia akicheka hivyo.

"Ya Rabi," Sikudhani akasema, mkono kifuani. "Hicho kicheko ni cha kwenu, Baba Kombo. Cha baba yako mtupu."

"Cha kwetu? Kwetu hatucheki hivyo. Hicho ni cha marehemu mama yako, kabla hajajifungia. Mimi nilikisikia nilipokuja kwenu mara ya kwanza, hata sijamaliza kubisha hodi."

"Mama yangu alicheka kwa pua."

"Na baba yangu hakucheka kabisa!"

Wakaanza kubishana kwa dhati, wakitaja shangazi na wajomba, walio hai na waliokufa, kila mmoja akimsukumia mwenzake.

Kombo alijipangusa macho kwa kiganja. "Ni changu," akasema, akaendelea kucheka.